Sauti ya Mafuta

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kiti chako cha dirishani, miwani puani, na kwamba lile goti la kushoto limeacha visa vyake. Jirani yako fundi cherehani aliniandikia mwezi uliopita kwamba unakula vizuri, na kwamba unawasahihishia wanawe madaftari kwa kalamu nyekundu hata wasipokuomba. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Mimi ni mzima wa mwili, sina homa, nakula, nalala. Nasema mzima wa mwili kwa sababu moyo una habari zake, na hizo ndizo zilizonikalisha mezani leo, siku yangu ya mapumziko. Mlango nimeupiga komeo ingawa hakuna mgeni ninayemtarajia.

Nakuomba usome polepole, na usirukie ukurasa wa mwisho kama unavyofanya na vitabu vyako. Nakujua.

Katika barua yako uliniuliza inakuwaje mtu mzima anaajiriwa miaka kumi na miwili kukaanga tu. Swali lilinichoma kidogo, lakini ni swali la haki, na kulijibu kutanisaidia kufika ninakotaka kufika.

Mkahawa wetu una meza nane. Jiko lenyewe ni jembamba kama ujia, lina makarai mawili ya mafuta, sinki, friza na dirisha moja lenye feni. Mwenye mkahawa ni mama mmoja mtu mzima ambaye nyuma ya mgongo wake tunamwita Bi Barafu. Wafanyakazi wapya hudhani ni kwa sababu ya roho yake. Sababu hasa ni kwamba hakubali rojo la kuchovyea litengenezwe bila barafu, hata kama mteja amesimama mlangoni akitazama saa. Tunakaanga kamba, ngisi, vipande vya samaki, na mboga za kila aina: biringanya, karoti, bamia, boga lililokatwa jembamba, vitunguu vya mviringo. Vyote vinapita kwenye rojo lile moja, na rojo ndilo linalowafanya watu wapange foleni.

Linatengenezwa hivi. Unga laini wa ngano unachekechwa mara mbili pamoja na wanga kidogo wa mahindi, halafu unawekwa kwenye friza mpaka bakuli lenyewe linauma vidole. Maji yanakuwa ya gesi, ya baridi kali, na bakuli linakalishwa ndani ya bakuli jingine lenye barafu. Unamimina, unakoroga kwa vijiti viwili mara kumi, kumi na mbili, basi. Madonge yakibaki, yaache. Siku yangu ya kwanza nilikoroga mpaka likawa laini kama mtindi, nikajisifu moyoni. Bi Barafu akalimwaga lote kwenye sinki bila kuniangalia, akasema nimemtengenezea gundi. Ukikoroga sana, unga unavutika kama wa mkate, na ukikaangwa unakuwa gome zito linalokunywa mafuta. Yeye anataka ganda jepesi linalovunjika kabla jino halijafika, na ndani yake kamba awe bado na maji yake matamu. Ndiyo maana kila oda inatengenezewa rojo lake. Likikaa robo saa, limekufa.

Sasa shida iko hapa. Rojo hili haliwi jekundu. Linabaki jeupe jeupe hata likiiva, na ukisubiri lipate rangi umeshachelewa, kamba amekuwa mpira. Kwa hiyo Bi Barafu hafundishi watu kutazama, anawafundisha kusikiliza.

Sijui kama unaikumbuka sauti ya mafuta, Mama. Nitajaribu kukueleza. Kitu kinapoingia, mafuta yanapiga kelele kama watoto wa darasa lako mwalimu akitoka nje. Hayo ni maji yanayotoka kwenye rojo. Baada ya muda kelele zinapungua, zinakuwa nyembamba, kama mchanga unaomwagwa taratibu kwenye karatasi. Halafu kuna mahali, ni kama kupepesa jicho mara mbili, sauti inapanda juu kidogo na kutulia. Hapo ndipo unapotoa. Mimi nilikuwa naisikia hata nikiwa nakata limau na nimeligeuzia jiko mgongo. Bi Barafu alizoea kuwaambia wateja kwamba yule pale ana masikio ya popo.

Miaka miwili iliyopita ile sauti ya mwisho ilipotea.

Haikupotea kwa siku moja. Kwanza nilidhani feni imeharibika inapiga kelele, nikamwomba fundi aitazame, akasema feni ni nzima. Kisha nikadhani Bi Barafu amebadilisha mafuta. Siku moja sahani ilirudi, kamba wabichi katikati. Siku ya tatu yake ikarudi nyingine, ngisi wagumu kama kandambili. Niliomba radhi, nikasema nimechoka. Nilipofika nyumbani nilisimama katikati ya chumba, nikasugua vidole karibu na sikio la kushoto, kisha la kulia. La kushoto lilikuwa kimya kabisa, la kulia lilisikia kwa mbali. Nilikaa kitandani na viatu vyangu, maana nilijua ninachokitazama. Nimekiona tangu utotoni kikiwa kimekaa mbele yangu mezani, kinakula, kinatabasamu mahali pasipofaa kwa sababu hakikusikia kilichosemwa. Nisamehe kuandika hivyo. Leo naandika kila kitu.

Basi nikaanza ujanja. Nilihesabu kimoyomoyo: kamba tisini, boga mia na sitini, bamia sabini. Nilitazama mapovu, mwanzo ni makubwa kama macho ya samaki, mwisho ni madogo kama vichwa vya pini. Nilijifunza kusoma midomo ya wenzangu, nikawa nasimama upande ambao sikio la kulia linawaelekea. Mtu akisema jambo na wengine wakicheka, na mimi nacheka. Unajua jinsi inavyochosha. Na nilikuwa naogopa kila kitu. Niliogopa mlango, niliogopa simu, niliogopa mtu kuniita kwa nyuma. Ulipokuwa ukimtuma fundi cherehani anipigie ili aniambie hali yako, nilikuwa naitazama simu ikicheza juu ya meza mpaka itulie, halafu namwandikia ujumbe kwamba nilikuwa kazini.

Mwezi wa tatu mwaka huu moto ulitaka kutuua. Nilikuwa nachekecha unga huku karai la pili likiwa jikoni kwa ajili ya oda ya samaki. Mafuta yalipitiliza, yakaanza kutoa moshi. Mwenzangu tunayemwita Kisu, yule dada anayekata mboga, alikuwa ameshika bakuli la ngisi mikono miwili, akapiga kelele nizime. Alipiga kelele mara tatu. Mimi nilikuwa nimeinama, nachekecha, nimetulia kama mtu aliye kwenye maombi. Aliangusha bakuli chini, akanisukuma kwa bega, akazima mwenyewe. Nilipogeuka niliona moshi umefika darini na midomo yake ikienda mbio. Nilisema nilikuwa mbali kimawazo. Kisu aliinama kuokota ngisi. Bi Barafu alikuwa mlangoni. Aliutazama moshi, kisha akanitazama mimi.

Wiki mbili baadaye, mchana, wateja wa chakula cha mchana wameondoka, aliniita jikoni. Nilijua kwa muda mrefu kwamba magoti yake yamemshinda na kwamba anatafuta wa kumwachia jiko. Kila mtu alidhani ni mimi, nami nilidhani hivyo. Alinikalisha juu ya ndoo ya unga, uso ukielekea ukutani penye kalenda. Akasema, kwa sauti niliyoweza kuisikia, kwamba leo atakaanga yeye, na mimi kazi yangu ni moja tu: nikisikia kimeiva, ninyooshe mkono.

Mama, sijawahi kuogopa kalenda namna ile. Alisema kamba. Nikaanza kuhesabu, nikitazama tarehe moja moja ili nisipoteze hesabu, na nilipofika tisini nikanyoosha mkono. Baada ya muda kidogo alinigusa bega, akanionyesha kamba aliyevunjwa katikati. Alikuwa ameiva sawasawa. Akasema boga. Nikahesabu mia na sitini, nikanyoosha. Akaniletea kipande, nikakitafuna, kilikuwa kizuri, na moyo ukaanza kushuka mahali pake. Akasema kamba tena. Nikahesabu. Tisini. Nikanyoosha mkono.

Hakuna aliyenigusa. Nilisubiri, mkono uko juu kama mwanafunzi ambaye mwalimu hataki kumwona. Mwishowe niligeuka. Jiko lilikuwa limezimwa. Kamba walikuwa kwenye trei, wabichi, wamepakwa unga mkavu tu, na rojo halijaguswa. Kisu alikuwa amesimama kando ya sinki ameziba mdomo. Bi Barafu alishika vile vijiti vyake, vikavu.

Alikuja mbele yangu, akainama kwa shida ili niuone mdomo wake.

"Tangu lini?"

Nikamwambia miaka miwili. Nilijiandaa kuvua eproni, na vidole vilishindwa kufungua fundo. Aliketi kwenye ndoo ya pili, akapumua, akaniambia kwamba mafuta yale yangeweza kuniunguza mimi, na Kisu, na yeye, na nyumba nzima, kwa ajili ya woga wangu tu. Alisema amekasirika na atabaki amekasirika kwa muda. Halafu akaniuliza kama nimewahi kupimwa. Nikatikisa kichwa. Akasema kesho saa mbili asubuhi, na kwamba nisipokuja atanifuata nyumbani.

Wewe unanijua mimi na hospitali. Tangu baba, sijawahi kuvuka mlango wa hospitali kwa hiari yangu. Bi Barafu alinishika mkono kuanzia getini kama mtoto wa chekechea, na ile harufu ya dawa ya sakafu iliponifikia puani niligeuka kutaka kuondoka mara mbili. Mara ya pili alinikanyaga kidole.

Daktari ni mwanamke, kijana kuliko mimi, anaongea huku anakutazama. Alinivisha vipokea sauti, nikabonyeza kitufe kila niliposikia mlio, na mara nyingi sikubonyeza. Kisha akachukua chuma kidogo chenye meno mawili, akakigonga kwenye goti lake, akakiweka karibu na sikio langu la kushoto. Kimya. Akakigonga tena, akakigandamiza kwenye mfupa nyuma ya sikio, na hapo nikaisikia sauti imejaa kichwani, safi kama zamani. Nililia. Alisema hiyo ni habari njema, kwamba mishipa ya kusikia ni mizima. Akaniuliza kama kuna mtu mwingine katika familia. Nikasema mama yangu. Akauliza ilimwanza na umri gani. Nikasema ulikuwa na miaka thelathini na minne.

Akavuta karatasi ili anichoree. Akachora sikio, akachora ngoma yake, na nyuma ya ngoma akachora vifupa vitatu, cha mwisho kikiwa kama kile kikuku anachokanyaga mpanda farasi. Alisema hicho ndicho kilichoganda, hakitikisiki tena, ndiyo maana sauti haipiti. Kabla hajaendelea, mimi nilijua atakachosema. Nilijua kwa sababu mchoro ule nilikwisha kuuona.

Mama, sasa nafika. Utaona mwandiko unavyopanda mlima.

Unakumbuka siku tulipokwenda kwa yule daktari mzee mwenye ndevu nyeupe, nikiwa na miaka kumi na mmoja? Shule ilinipa ruhusa kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa masikio yako. Daktari alikuwa na watu wengi nje, akaona ni rahisi kuongea na mimi. Alichora mchoro uleule. Aliniambia, kwa maneno mepesi ili mtoto nielewe, kwamba mfupa mmoja mdogo kuliko punje ya mchele umeganda ndani ya sikio lako, na kwamba kwenye hospitali kubwa wanaweza kuutoa na kuweka wa bandia, na watu wengi hurudi kusikia. Alisema watakufanyia upasuaji. Akaniambia nikuulize kama unakubali.

Ndevu zilikuwa zimekuzibia midomo yake, ukaniuliza, "Anasemaje?"

Nikakujibu, "Anasema haina dawa."

Ulimtazama yule mzee, ukaitikia kwa kichwa, ukamshukuru kwa mikono yote miwili. Naye akadhani umekubali. Akaandika barua ya kukupeleka hospitali kubwa, akaitia kwenye bahasha, akanikabidhi mimi. Njiani uliniuliza ni nini, nikasema ni stakabadhi. Kesho yake niliichana vipande vipande, nikaitupa kwenye choo cha shule, nikakaa humo mpaka kengele ikagongwa.

Nilifanya hivyo kwa sababu miezi mitatu kabla ya siku ile, baba aliingia kwenye hospitali kubwa hiyohiyo kwa miguu yake, akinitania kuhusu viatu vyangu vipya, kwenda kufanyiwa upasuaji mdogo wa ngiri. Upasuaji mdogo, ndivyo walivyosema. Nasi tulirudishiwa amefunikwa shuka. Daktari alipotamka neno lile, sikusikia neno kusikia wala neno kupona. Niliona shuka. Nilikuwa nimebaki na wewe tu.

Mwaka wa kwanza niliogopa utakufa. Baada ya hapo niliogopa utajua. Walipokuachisha kufundisha darasa la kwanza kwa sababu husikii watoto wakisoma, wakakupeleka stoo kuhesabu vitabu, nilikuwa na miaka kumi na mitatu na ningeweza kusema. Ulirudi nyumbani siku hiyo, ukavua saa yako, ukaniambia stoo kuna utulivu, utapata nafasi ya kusoma. Mimi nilikwenda nje nikatapika nyuma ya nyumba, ukadhani ni chakula. Uliacha kuimba ukipiga pasi. Uliacha kwenda kwenye sherehe. Na kila mtu alipokupa pole kwa ugonjwa usio na dawa, mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, nimebeba trei ya chai.

Nilipomweleza daktari haya, Bi Barafu alikuwa amekaa kando yangu na akasikia yote. Alitoa leso yake, akaishika tu, hakunipa wala hakuirudisha mfukoni. Nilimuuliza daktari kama mtu wa miaka sitini na mmoja bado anaweza kusaidiwa. Alisema hawezi kuahidi bila kukupima, kwamba kwa muda huu wote huenda na mishipa imechoka, lakini wapo waliofanyiwa wakiwa wakubwa kuliko wewe, na hata isipowezekana vipo vifaa vya siku hizi ambavyo zamani havikuwapo. Nimekuandikia kama alivyosema, sikuongeza matumaini wala sikupunguza.

Mimi nimepangiwa tarehe kumi na nne ya mwezi ujao, sikio la kushoto kwanza. Fomu ya kukubali iko hapa mezani, na hadi ninapoandika mstari huu sijaisaini. Bado naona shuka. Bi Barafu amenitoa kwenye mafuta. Natengeneza rojo tu, na Kisu anakaanga kwa kusikiliza. Jiko lile hatanipa, amesema wazi, si kwa ajili ya masikio bali kwa ajili ya miaka miwili ya kumdanganya. Sikumbishia. Lakini ameniambia siku ya upasuaji atafunga mkahawa na kuja kukaa kwenye benchi, na hajawahi kuufunga tangu nimfahamu.

Sikuombi unisamehe ndani ya barua. Njoo kwanza upimwe, hasira zako uje nazo, na uniambie ana kwa ana. Fundi cherehani amekubali kukusindikiza mpaka stendi, nami nitakuwa nimesimama pale basi linaposhushia.

Humu ndani utakuta bahasha ndogo ya bluu. Ni ya daktari. Nilimwomba akuandikie wewe mwenyewe, kila neno, pamoja na mchoro, na aibandike kwa gundi mbele ya macho yangu. Sijui ameandika nini. Safari hii isome mwenyewe.

Wasalimie fundi cherehani na wanawe, uwaambie wavumilie kalamu nyekundu. Nakubusu mikono yote miwili, nikingoja jibu lako lolote litakalokuwa.

Ni mimi, binti yako,
ambaye ulimwamini, ukamkabidhi masikio yako.